Inchi Mbili za Sakafu

Kwa mujibu wa waraka uliobandikwa ubaoni siku ya Jumatatu, askari polisi ni mtu mwenye afya njema, macho makali, meno ya kutosha, elimu ya sekondari na tabia isiyo na doa. Kazi zake ni kulinda raia na mali zao, kuzuia uhalifu, kukamata wahalifu, kutunza amani, na jambo jingine lolote atakaloagizwa. Mwanamume asipungue futi tano na inchi sita, mwanamke futi tano na inchi mbili. Ili kuthibitisha kwamba walio kazini bado wanazo sifa walizoingia nazo, mhakiki kutoka makao makuu angepita kila kituo, na atakayeonekana amepungukiwa angepangiwa mahali panapolingana na maumbile yake. Waraka ulikuwa na muhuri, saini mbili na duara la kikombe cha chai.

Koplo wa mapokezi aliusoma polepole, kama anavyosoma kila kitu, kisha akarudi mezani kwake na kutazama dirishani.

"Afande Taratibu, umeuona?" aliuliza dereva wa kituo.

"Nimeuona."

"Meno unayo?"

"Ninayo."

"Basi wewe huna neno. Mimi nimebaki na ya kutafunia uji."

Jina la Afande Taratibu alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, na kwa miaka ishirini na nne hakufanya lolote la kulikanusha. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya meza ndefu ya mbao na kuandika katika kitabu cha matukio yale ambayo watu wamekuja kusema. Askari wengine huuliza maswali. Yeye hufungua kitabu, hushika kalamu, halafu macho yake huenda dirishani na kubaki huko, nusu yamefumba, kama mtu anayesikiliza mvua ya jana. Mwenye shida hujikuta anasema mpaka mwisho. Mwenye uongo hupata taabu, maana uongo huhitaji maswali ili ujue uelekee wapi. Akiachwa peke yake na ule ukimya, na feni inayozunguka kama inayofikiria jambo jingine, mtu huanza kujirekebisha mwenyewe. Walikuwepo waliokuja kushtaki majirani na wakaondoka wamejishtaki. Hakuna waraka uliowahi kuitaja sifa hiyo, pengine kwa kuwa haipimiki.

Siku hiyohiyo ya Jumatatu, jua likiwa utosini, aliingia msusi wa mtaa wa pili, taulo begani.

"Nimeibiwa kioo," alisema. "Kile kikubwa, cha ukutani."

Koplo alifungua kitabu na kutazama dirishani.

"Nilikuwa uani nafua taulo. Nikasikia ko! Kibao changu cha mlangoni kimegongwa na kichwa cha mtu. Natoka mbio, namwona... Afande, utanicheka."

Koplo hakucheka.

"Naona mbingu inavuka barabara. Mbingu kabisa, na mawingu yake. Chini ina miguu miwili. Nimesimama pale nimeduwaa, mpaka inakata kona ndipo nakumbuka, lo! kioo changu hicho."

Koplo aliandika: mbingu, na mawingu yake, chini miguu miwili. Kwa kitambo kirefu baada ya msusi kuondoka aliiona ile mbingu ikitembea: inapita mbele ya benki na kuichukua benki, inapita mbele ya shule na kuchukua watoto waliopanga mstari, inawarudisha, inaendelea na safari. Alijiuliza kama mwizi mwenyewe alijua amebeba nini.

Mpelelezi wa kituo hakuwa mtu wa mawingu. Alikwenda na futi ya chuma, akapima kutoka sakafu ya saluni hadi ukingo wa chini wa kile kibao kilichoning'inia mlangoni, akapata futi sita kasoro nusu inchi. Aliyekigonga kwa kichwa, alisema, hawezi kuwa chini ya hapo. Akaingia mtaani kutafuta mtu mrefu, na kwenye kibaraza kilichotazamana na saluni akamkuta fundi viatu, amekaa kwenye kigoda, misumari mdomoni.

"Simama," alisema mpelelezi.

Fundi akasimama, na hapo ndipo alipoharibu. Alikuwa amekaa mahali pale miaka kumi na mmoja bila mtu yeyote kujua urefu wake.

Walimleta kituoni, wakamvua ndala na kumsimamisha kwenye ukuta wa vipimo, ile ngazi ya mistari myeusi iliyochorwa kando ya mlango wa mahabusu. Mpelelezi alilaza rula juu ya kichwa.

"Futi sita kamili. Andika, afande."

"Futi sita nani? Mimi?" Fundi aligeuka kuutazama ukuta kama mtu aliyetukanwa, kisha akamgeukia koplo. "Mama Mapacha, wewe unanijua. Mimi tangu ujana wangu ni futi tano na kumi. Mke wangu akisikia nina futi sita atauliza zile inchi nyingine nilikuwa nampelekea nani."

"Ukuta haudanganyi," alisema mpelelezi.

Koplo aliandika futi sita, kwa kuwa ndicho kilichosemwa. Fundi akaingizwa ndani. Lakini macho ya koplo, yaliyozoea kuzurura, yaliteremka taratibu kutoka kwenye rula hadi kwenye mlango wa mahabusu, na chini ya mlango yakatua mahali ambapo mbao ilikuwa imekatwa kwa msumeno na kuachwa bila rangi.

Akakumbuka. Miaka miwili iliyopita maji ya mvua yaliingia kituoni, na mafundi wakaletwa kupandisha sakafu. Walimwaga saruji unene wa inchi mbili, wakaisawazisha vizuri, na mlango uliposhindwa kufunguka wakaita seremala aupunguze chini. Ukutani hawakugusa, kwa sababu rangi ilikuwa bado nzuri. Tangu siku hiyo kila aliyesimamishwa pale alikuwa amepanda juu ya inchi mbili za serikali. Mkuu wa kituo alikwisha kuandika taarifa kwa wilaya kuhusu ongezeko la kutia shaka la wahalifu warefu, akaomba pingu zaidi.

Basi fundi viatu alikuwa mkweli. Futi tano na inchi kumi, na ndala zake zilizochakaa zikimwongezea nusu inchi, angepita chini ya kile kibao na kioo chake bila kukigusa.

Hesabu ya pili ilikuja yenyewe, polepole, kama mtu anayebisha hodi akijua hatakiwi. Alhamisi mhakiki angewapima askari kwenye ukuta huohuo.

Jioni alimkuta mumewe kwenye cherehani, varandani. Mumewe alikuwa fundi nguo, na ndiye aliyekuwa akimrekebishia sare zake zote.

"Baba Mapacha, nipime."

"Kiuno? Hapana, tulikubaliana hatuzungumzii kiuno."

"Urefu."

Alimtazama juu ya miwani, akanyanyuka, akamsimamisha kwenye fremu ya mlango na kuteremsha utepe. Akapima mara ya pili.

"Futi tano na inchi moja."

"Niliingia jeshini na mbili."

"Unadhani sijui? Suruali zako nakunja mimi. Wewe mwanamke umesimama kwenye magwaride miaka mingapi? Ulitegemea hiyo inchi ikae tu?" Halafu, alipoiona sura yake: "Kuna nini?"

Akamweleza yote. Ukutani angesoma futi tano na inchi tatu, na kubaki mezani kwake mpaka kustaafu. Akiusema ukuta, fundi viatu anatoka. Na yeye anaondolewa mapokezi, kazi pekee aliyowahi kuiweza.

Mumewe aliurudisha utepe shingoni. "Na yule fundi, kesi yake lini?"

"Anapelekwa mahakamani Alhamisi, saa nane."

"Ndiye aliyenishonea vile viatu vya harusi ya dada yako."

"Ndiye."

"Vilinibana." Alikaa tena kwenye cherehani, akakanyaga mara moja, akaacha. "Lakini kubana siyo kuiba."

Jumanne alimwendea mkuu wa kituo. Mkuu alimsikiliza akikoroga chai iliyokuwa imekwisha poa.

"Koplo, wewe una urefu gani?"

"Tano na moja, mkuu."

"Sikukuuliza kwenye utepe. Nakuuliza kwenye ukuta." Alishusha sauti. "Dada yangu, mimi nitaitazama hiyo sakafu. Ijumaa. Unanielewa nikisema Ijumaa?"

"Fundi anaondoka Alhamisi."

"Mahakama nayo ina macho," alisema mkuu, na kurudi kwenye chai.

Jumatano ilipita kama siku za homa zinavyopita. Watu waliingia wakasema, akaandika. Bibi mmoja alipoteza kitambulisho. Jamaa wawili walikuwa wamegombania ukuta wa uani. Kule mahabusu, saa ishirini na nne za kisheria zikiwa nazo zimerefuka, fundi viatu alimwomba koplo sindano na uzi, akaanza kushona buti la dereva kupitia nondo. Koplo alimtazama. Hata akiwa ndani alikaa vilevile, magoti juu, mdomo ukishika msumari ambao haukuwepo.

"Mama Mapacha."

"Naam."

"Nikifungwa, buti lako la kushoto lipelekee fundi mwingine. Kisigino kinaelekea kuachia."

Alhamisi mhakiki alifika saa tatu, kijana nadhifu mwenye fomu kwenye ubao na kalamu tatu mfukoni. Askari walipanga mstari, soksi tupu. Asubuhi hiyo kulikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Dereva alikuwa ameongezeka. Mpelelezi aliongezeka akaomba apimwe tena ili asikie vizuri. Mkuu wa kituo alijikuta na futi tano na inchi tisa, akanyoosha shingo kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa.

"Anayefuata."

Koplo alisimama ukutani. Saruji ilikuwa baridi chini ya nyayo zake. Kutoka pale aliona meza yake kutoka upande asiouzoea: kitabu kimefungwa, kiti kitupu, na dirisha lenye mawingu machache yasiyo na haraka. Yalionekana yamebebwa na mtu.

"Futi tano na inchi tatu," alisema mhakiki. "Vizuri sana, mama. Anaye..."

"Siyo kweli, afande."

"Nini siyo kweli?"

"Huo urefu. Sakafu hii imepandishwa inchi mbili na ukuta haukupandishwa. Tazama mlango, chini."

Mkuu wa kituo alifumba macho.

"Mama," alisema mhakiki kwa upole wa mtu anayemwamsha mgonjwa, "unaelewa kwamba ukitoa mbili..."

"Naelewa. Nina inchi moja. Sasa naomba, futi ya chuma ya mpelelezi ikishamaliza kwangu, impime na yule fundi aliyeko ndani. Anatakiwa mahakamani saa nane."

Ikawa hivyo. Wote walipimwa upya, na kwa muda wa nusu saa kituo kizima kilinywea. Mpelelezi hakuomba kurudia. Wanaume wote walibaki juu ya kiwango, wengine kwa unywele. Fundi viatu alitolewa, akasimama wima kuliko alivyowahi kusimama, na kupatikana na futi tano na inchi kumi. Saa sita mchana alikuwa kwenye kigoda chake. Kioo hakikupatikana, msusi alinunua kingine, kidogo, kinachochukua uso tu.

Ukuta ulipakwa chokaa na kuchorwa upya, na taarifa ya wilaya kuhusu wahalifu warefu ikafuatiwa na nyingine, iliyosema kwamba juhudi za kituo zimezaa matunda. Mapokezi aliwekwa askari wa futi tano na inchi nane, anayeuliza maswali vizuri.

Barua ya koplo ilikuja baada ya wiki tatu. Ilimshukuru kwa utumishi wake na kumhamishia bohari ya sare za polisi, kazi ambayo makao makuu yalikuwa yameridhika kwamba inalingana na maumbile yake. Bohari ina rafu tisa, kutoka sakafuni hadi darini. Anazifikia tano.