Mchumba Wangu Alinifunga Bandeji Nikiwa Mzima

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. La mwanamume huyu lifiche pia, ingawa hastahili huruma hiyo.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na miwili, Mkristo, mtu wa bara. Naishi Temeke kwa shangazi yangu, na nimechumbiwa na mwalimu wa shule ya misheni. Watu wananiambia nimepata bahati. Bahati gani! Mtu huyu hawezi kumpa maskini maji ya kunywa bila kutazama kwanza nani anamwona.

Masika yaliyopita mto ulifurika, nyumba zikaanguka, mabati yakakata watu. Sisi wa kanisani tukajitolea kutibu majeruhi pale shuleni. Mimi nilifundishwa na masista kuosha vidonda, basi kutwa nilikuwa na maji moto, dawa na vitambaa. Mwalimu alikuwa msimamizi wetu. Kusimamia kwake ni kuvaa shati jeupe na kusimama mlangoni.

Siku moja akaja mpiga picha wa gazeti la kanisa. Mwalimu akawatazama majeruhi waliokaa chini, akakunja pua.

"Hawa wamejaa matope," akasema. "Picha hii inakwenda Ulaya. Hebu kaa wewe, uso wako safi."

Akanizungushia kichwani bandeji yote iliyobaki, yeye ambaye hajawahi kugusa kidonda cha mtu! Nikakaa kama mwali anayepambwa, huku ananigeuza kidevu.

Mara akaingia bibi mmoja wa Mtoni, mguu umepasuliwa na bati, damu inachuruzika. Nikataka kuinuka. Mwalimu akanikandamiza bega.

"Tulia, utaiharibu picha. Bibi atangoja. Watu hawa wamezoea."

Wamezoea! Alipomaliza kuchekacheka na mpiga picha, bibi hayupo.

Picha ikatoka gazetini, chini yake imeandikwa kwamba Mwalimu aliniokoa mafurikoni. Baba yangu huko bara akachinja mbuzi kumshukuru Mungu. Sasa Mwalimu mwenyewe anasimulia jinsi alivyoniopoa majini, mtu anayetetemeka hata kupanda kivuko cha Kigamboni! Na Jumapili ijayo padri anataka nisimame kanisani nishuhudie, ndipo ndoa yetu itangazwe.

Shangazi ananiambia, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Nani kakwambia kuna mume asiye na uongo?"

Nilikuwa karibu kulifunika. Lakini juzi nilimkuta yule bibi sokoni, anatembelea gongo, mguu umepinda. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kimepona?"

Nikamuuliza kwa nini aliondoka siku ile.

"Nilikuona umefungwa kichwa kizima, nikasema masikini, mtoto huyu kaumia kuliko mie. Nikaenda zangu, wapate kukutibu wewe. Kila nikisali nakuombea."

Nilinunua mchicha nisiouhitaji, nikarudi nyumbani nalia kwa hasira.

Jumapili nikisema kweli, ndoa imekufa na baba ameaibika mbele ya ukoo wote. Nikinyamaza, nitampikia na kumzalia mtu ninayemdharau mpaka nife. Wasomaji wenzangu, nishaurini, nifanye nini? Lakini kabla hamjaniambia nivumilie, kumbukeni kwamba bibi yule mpaka leo anakiombea kichwa changu.