Pilipili ya Mtu Aliyekwisha Kuoa

Asger Kvistgaard alikuwa fundi miwani katika mji wetu wa bandari, Svendborg, na hakuna alichokiogopa duniani kama kutazamwa. Hata kazi yenyewe aliipendea hilo, kwa kuwa mteja anayekuja kwa fundi miwani haoni vizuri. Akiimbiwa siku ya kuzaliwa alikwenda kujificha chooni mpaka beti zote ziishe. Ajabu ni kwamba aliyemzaa ni Bodil, mwanamke wa kupanda juu ya kiti na kuanza wimbo bila kuombwa. Tangu mwanawe aote ndevu, Bodil alikuwa akimpangia harusi kichwani: wageni mia, hotuba kuanzia supu hadi kahawa, na nyimbo za kumtania bwana harusi, kila mgeni na karatasi yake ya kuimbia mkononi.

Basi Asger alipompata Signe, mpanga vitabu wa maktaba ambaye kwa haya alimshinda, walielewana upesi. Wangeoana kimya kimya. Alhamisi walikodi gari dogo jeupe, wakapanda nalo kivuko mpaka Ærø, kisiwa wanakokwenda wachumba wasiotaka makelele, wakafungishwa ndoa na bibi mmoja mwenye mafua mbele ya makarani wawili, wakala samaki wa kukaanga, wakalala huko. Jumapili ndipo wangemwambia Bodil wenyewe, kwa vinywa vyao, kwenye kahawa na keki. Hilo Asger alilisisitiza sana. Mama yake angeweza kusamehe kukosa harusi, lakini kuisikia kwa mtu mwingine asingesamehe, na Asger alimpenda mama yake kuliko alivyoziogopa nyimbo zake.

Mpango ulikuwa mzuri, ila wenyewe walisahau kitu ambacho hata mtoto wa chekechea angekikumbuka. Ijumaa, siku ya kurudi, Asger alikuwa anatimiza miaka thelathini.

Na kwetu, anayefika thelathini bila ndoa hana pa kukimbilia. Huyo ni pebersvend, kijana wa pilipili, na pilipili manga ni haki yake. Akifika ishirini na tano humwagiwa mdalasini, huo ni utangulizi tu. Ukimkuta mtu kafungwa kwenye nguzo ya taa, kalowa, mweusi tangu utosini mpaka viatuni, anapiga chafya, usijisumbue kuita polisi. Huenda polisi ndiye aliyeshika kopo.

Wenzake wa timu ya mpira wa mikono walimsubiri mlangoni kwake. Walikuwa wameunganisha mapipa matatu ya mafuta, moja juu ya jingine, wakayapaka rangi nyekundu yafanane na kinu cha kusagia pilipili, kama mila inavyotaka. Walipokosa mahali palipo sawa pa kukisimamisha, wakakipandisha juu ya paa la lile gari dogo jeupe. Paa likasema “buu” na kuingia ndani kiasi cha bakuli la supu. Pilipili iliyobaki baada ya Asger kumalizwa ikatiwa kwenye gari kupitia madirishani, mpaka kwenye matundu ya hewa.

Neno moja, “nimeoa”, lingekomesha yote. Asger hakulisema. Alifumba macho akapokea mvua ya viungo, vya kutosha kupikia pilau ya mtaa mzima. Signe naye alikuwa katikati ya umati, na watu walipomtia kopo mkononi ilimbidi arushe ili asishukiwe. Alirusha kwa nguvu kupita kiasi, na Asger, macho yakiwa yamefumbwa, aliujua mkono wa mkewe. Usiku walicheka juu ya jambo hilo, ingawa Signe alitangulia kuacha kucheka.

Jumamosi asubuhi wakalirudisha gari, madirisha wazi, wote wawili wakipiga chafya kila kona.

Ofisi ya magari ya kukodi iko karibu na bandari, ni ukumbi mmoja ambamo magari huingizwa mpaka mbele ya meza, na anayepokea magari ni Jytte. Huyo mama ana miaka sitini, ana tochi, na ana vidole vinavyoupata mkwaruzo ambao jicho limeupita. Watalii wakubwa wakubwa, watu wenye kampuni zao, wameonekana wakimtetemekea. Jumamosi hiyo hiyo ana mazoezi ya kwaya, na kwenye kwaya husimama bega kwa bega na Bodil. Alitoka nyuma ya meza na tochi yake mkononi.

Jytte alilizunguka gari taratibu. Akapiga chafya. Akaingiza kichwa dirishani, akapiga nyingine mbili, akatoka macho yamejaa machozi, akaanza kuandika. Kubadilisha paa, kusafisha ndani, kufungua matundu ya hewa: krona elfu kumi na moja. Hizo ndizo zilikuwa akiba yao yote, akiba ya kitanda, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitanda cha mtu mmoja, na ndoa ya vitanda viwili vyembamba, katika nyumba mbili, ni ndoa ya kwenye karatasi tu.

Basi Asger, ambaye hajawahi kubishana hata na mashine ya tiketi, akabisha. Alidai paa lilikuwa hivyo tangu mwanzo, na Jytte akamwonyesha picha ya Alhamisi, paa limenyooka kama meza. Alidai ni upepo wa kwenye kivuko, na Jytte akamuuliza ni upepo gani unaoacha duara la rangi nyekundu. Alidai vumbi la ndani ni uchakavu wa kawaida. Jytte akachovya kidole kwenye kiti, akakilamba.

“Asger,” alisema, “jana umetimiza ngapi?”

“Thelathini.”

Uso wa Jytte ukachanua. Alimgombeza kwa kutosema mapema, kisha akamweleza kuwa bosi mwenyewe alipigwa pilipili zamani mpaka akapoteza kiatu, na tangu hapo ofisi ina sharti lake: pilipili ya kapera si uharibifu, ni mila, na kapera wa thelathini halipi chochote, hata kwa kinu kilichopandishwa juu ya paa. Pilipili ya mtu mwingine yeyote ni uchafu, na uchafu hulipiwa.

“Nataka neno moja tu,” alisema Jytte, kalamu mkononi, “na huyu bwana hapa awe shahidi.” Huyu bwana alikuwa mtalii wa Kijerumani mwenye kaptura, wa kwanza kwenye foleni, aliyekuja kurudisha gari lake na sasa amesahau alichokuja kufanya. “Sema: mimi ni kapera. Nafuta yote, unakwenda zako.”

Signe alikuwa kwenye mashine ya kahawa, amewapa mgongo. Kijiko chake kiliacha kukoroga.

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na lilikwishafika kwenye ulimi. Hakuna ambaye angejua. Kitanda kingebaki, siri ingebaki, na Jumapili Bodil angekula keki yake na habari yake. Lakini Asger aliutazama mgongo ule akakumbuka kwamba tangu Alhamisi hakuna binadamu aliyemsikia akisema huyu ni mke wangu. Jana alinyamaza, na kunyamaza kulimuuma Signe, sasa aliliona hilo waziwazi, akaona aibu kuliko aibu zake zote za nyimbo na keki. Kunyamaza ni jambo moja. Kumkana mkeo kwa ajili ya paa la gari ni jambo jingine.

“Mimi ni...” Chafya ikamshika.

“Afya,” alisema Jytte. “Wewe ni nani?”

“Mimi si kapera. Nimeoa. Mke wangu ni yule pale.”

Ofisi nzima ikageukia mashine ya kahawa. Signe akageuka, mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuinamisha uso.

Jytte alishusha kalamu. Akauliza kama Bodil anajua, akajibiwa kwamba ataambiwa kesho. Jytte akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

“Mwanangu, wewe unanijua. Siri kwangu haikai, ikiingia sikio hili inatoka mdomoni. Saa nane nasimama na mama yako kwaya. Mpigie sasa hivi, mimi nakagua matairi polepole.”

Asger akapiga. Bodil hajui kuongea na simu kwa sauti ndogo, kwa hiyo ofisi nzima ilimsikia akiuliza kama bado anawashwa. Asger akamwambia yote kwa pumzi moja, Ærø, kivuko, bibi mwenye mafua. 

“Nani alikukata soksi?” Bodil aliuliza.

Kwetu, bwana harusi hubebwa juu na wanaume, akavuliwa viatu, soksi zikakatwa ncha mpaka vidole vitoke nje, ili asipendeze tena kwa wanawake wengine. Pale Ærø wale makarani hawakuwa na mkasi wala nguvu za kumbeba mtu.

“Hakuna aliyezikata, mama.”

“Basi hujaoa. Umesaini karatasi tu, kama mtu aliyenunua friji.” Alikuwa analia, na katikati ya kilio alikuwa anacheka, na haikujulikana kipi kitashinda.

Jytte aliacha matairi, akainamia simu. Alitaka kuhakikisha amesikia sawa: mama mzazi anasema kijana hajaoa? Bodil akathibitisha kwamba mwenye soksi nzima ni kapera, hata ukimuuliza askofu. Jytte akanyanyuka na uso wa mtu aliyeokota pochi na kumwona mwenyewe palepale.

“Umesikia, Asger. Kimila, jana ulikuwa kapera. Pilipili yako ni halali. Hulipi hata senti.”

Mjerumani akapiga makofi. Jambo lilikuwa limekwisha, na vizuri mno. Asger alihitaji tu kuitikia kwa kichwa, hata kinywa asifungue. Akageuka kumtazama Signe. Signe alikuwa ameinamisha kikombe bila kujua, na kahawa inamwagikia viatu.

“Nimeoa Alhamisi,” alisema Asger. “Saa tano asubuhi. Jana nilikuwa na mke, na pilipili nyingine alirusha yeye. Andika, nalipa.”

Jytte akashika kalamu tena. Kisha akaandika, krona elfu kumi na moja, bila kupunguza hata moja, maana sharti ni sharti. Asger akalipa. Kadi ilipokubali, sauti ya Bodil ikatoka tena kwenye simu iliyoachwa mezani.

“Jytte, una mkasi hapo?”

Jytte alikuwa nao. Mjerumani hakuelewa neno, ila alielewa kwamba kuna mtu wa kubebwa, akamshika miguu. Fundi wa magari akatoka uani akamshika mabega. Asger Kvistgaard, mtu asiyependa kutazamwa, akawa juu hewani katikati ya ofisi, kiatu kimoja kimevuliwa, foleni ya watu saba inamwangalia, na Bodil anaimba kwenye simu. Jytte akakata ncha ya soksi ya kushoto. Vidole vitano vikatoka, na pilipili kidogo. Akaanza kurudisha mkasi kwenye droo, kwa kuwa kazi zilikuwa zinamngoja.

Hapo Signe, ambaye maktaba nzima hawajawahi kumsikia akipaza sauti, akaweka kikombe chini.

“Kata na ya pili,” alisema, na sauti ikafika mpaka nyuma ya foleni. “Huyo ni mume wangu.”