Kuku Wote Banda Moja

Kijiji chetu cha Kishanda kilipoamua kufuga kuku kijamaa, mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, nimeolewa pale mwaka wa tatu. Nilifanywa katibu wa kamati ya kuku kwa sababu ya mwandiko wangu. Habari za kuku nilizijua kidogo tu: nilipokuwa msichana, ugonjwa wa mdondo uliingia nyumbani kwetu Nyanga, na baada ya wiki moja hatukusikia jogoo akiwika.

Banda lilikuwa limekwisha kuezekwa bwana mifugo alipoleta barua kutoka Muleba. Mdondo uko Kemondo, aliandika. Kuku asihamishwe boma moja hadi jingine mpaka chanjo ifike. Niliisoma mbele ya kamati, mara mbili.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "mgeni wa wilaya anakuja Jumamosi. Unataka aone banda tupu?"

"Afadhali tupu kuliko lililojaa mizoga."

"Acha uchuro."

Wakanyoosha mikono, wote isipokuwa mimi. Kisha nikaambiwa niandike kwamba tumekubaliana kwa kauli moja. Nikaandika. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Ijumaa watu wakaleta kuku, wengine kwenye matenga, wengine wamefungwa miguu kwa kamba za migomba. Jirani yetu mmoja alishusha wanne waliokuwa wakisinzia.

"Hawa wametoka wapi?"

"Kwa shemeji yangu, Kemondo. Safari imewachosha tu."

Nilimwita mwenyekiti kwa sauti ambayo mke wa watu hapaswi kuitoa hadharani. Alikuja, akawatazama, akasema, "Kuku ni kuku," akawatupia ndani na wenzao.

Mama mkwe wangu peke yake hakuleta. Alikuwa mjane, na kama wanawake wengi wa umri wake, waliokatazwa na mila, hakuwa ameonja nyama ya kuku maishani, lakini aliwapenda wale kuku wake sita kupita kiasi. Aliwaambia wanakamati kuwa wote wameliwa na kicheche. Nami nilikuwa nawasikia wakikwaruza jikoni kwake.

"Mama, mnaniaibisha. Mimi ni katibu. Mnataka nidanganye?"

"Waitu, mwanangu, si umeniambia mwenyewe kwamba umeshaandika uongo mmoja? Ongeza na huu."

Nikaondoka nimenuna.

Mgeni alikuja, akasifu, akapigiwa makofi na wanafunzi wangu, akaenda zake. Kufikia Jumatano kuku walikuwa wameinamisha vichwa, wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda wanazunguka kama walevi wa rubisi. Mwenyekiti akatafuta mkosaji, akawapata yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Akalitoa darasa langu zima nje likawafukuze kwa mawe na kupiga madebe. Asubuhi tatu mfululizo sikufundisha hata herufi moja.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "ni yangeyange gani aliyebeba kuku kwenye tenga kutoka Kemondo?"

Akawaita watoto wapige madebe kwa nguvu zaidi. Watu nao walikuwa wakichinja wagonjwa haraka haraka na kuwapelekea ndugu zao Bukoba mjini, zawadi hiyo! Nilipowakataza, waliniuliza kama nataka nyama ioze.

Bwana mifugo alifika na chanjo juu ya baiskeli, ameitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu. Alikuta tunafukia shimo la mizoga. Akasimama na chupa yake mkononi, jasho linamtoka.

"Sasa nimchanje nani?"

Mimi nilitazama chini. Ndipo mama mkwe akaja kutoka kibanjani kwake.

"Wangu wapo sita, jikoni. Wazima."

Mwenyekiti akageuka. "Mama, si ulisema wameliwa na kicheche?"

"Nilisema. Sikusema kicheche huyo ni nani."

Bwana mifugo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na yule mama, kwa kuwa alikuwa sahihi nami nilimgombeza. Nilimwomba radhi siku ile ile. Akanijibu nimshikie jogoo vizuri adondoshewe dawa jichoni.

Vifaranga vya kuku wake ndivyo vilivyorudisha kuku Kishanda, nyumba moja baada ya nyingine. Hakumpa mtu kabla ya kwenda kukagua banda lake. Mwenyekiti alitumwa akasugue lake kwa majivu, akatumwa tena, akangoja miezi miwili. Nakiri nilifurahi.