Kidonge cha Fundi Mwenzake

Juzi, kwenye dirisha la dawa la zahanati moja ya Temeke, fundi seremala wa Keko alilalamika kwamba vidonge vya moyo alivyogawiwa na mwenzake wa ushirika vimemzidishia maumivu.

“Kifua kinabana ukipiga randa?” akauliza muuguzi, mama wa makamo, akiisoma pakiti ya vidonge.

“Hapana, mama. Nikiwa nimelala, alfajiri.”

Muuguzi akakunja ngumi polepole. “Dawa hii ni ya mshipa wa moyo ulioziba, kama wa mwenzako. Wako huenda unajikaza wenyewe hivi, na dawa hii inaweza kuukaza zaidi. Usimeze kingine. Twende kwa daktari.”

Akaacha dirisha, akamshika mkono.

Mie, niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nilibaki nikiitazama ngumi yangu niliyoikunja kama muuguzi. Tunahimizana kugawana, na ni vyema. Msumeno wa mwenzako utakata mbao zako. Kidonge chake hakikujui.