Siku mama alipokosa ndege ya Kisumu kwa sababu ya viatu vyangu

Wakuu, salamu kwenu. Hii ni yangu mwenyewe, sikuisikia kwa mtu, na chumvi sijatia. Kama ulikulia mtaa wa Jericho miaka ya tisini, huenda hata ulikuwepo.

Nilikuwa co-pilot, rubani msaidizi wa ndege za ndani ya nchi. Mtaani nilikuwa rubani wa kwanza. Nikitoka asubuhi na uniform, akina mama wa sokoni walinisimamisha kunipangusa mabega, na vumbi hata halikuwepo! Siku hizo nazikumbuka sana.

Sasa, kitu kilichotukera marubani ni screening, ule ukaguzi kabla ya kupanda ndege. Mkuu mpya wa ulinzi pale uwanjani alikuja na sheria zake. Abiria wanakutazama, wewe unavua kofia, mkanda, viatu. Mpaka kijimkasi cha kucha wanachukua.

Halafu unaingia cockpit, chumba cha rubani, na nyuma ya kiti chako kuna shoka la dharura.

Shoka, wakuu! Na ndege nzima iko mikononi mwako. Mwenye nia mbaya atahangaika na kijimkasi?

Union, chama chetu cha marubani, ikaita mkutano. Tukakubaliana kwamba hakuna rubani kuvua viatu mbele ya abiria, tunataka chumba cha pembeni. Ukilazimishwa, unakaa chini, union inapigiwa simu, ndege ingoje. Mkono nilinyoosha juu kabisa.

Sikujua siku yangu ikifika abiria mmoja atakuwa mama.

Mama alikuwa kibarua kiwanda cha biskuti kule Industrial Area tangu nikiwa mdogo. Kampuni yetu ilitupa tiketi ya mzazi, na yeye alitaka kitu kimoja tu: kushuka Kisumu kutoka kwa ndege inayoendeshwa na mwanawe, dada zake wakiona.

Mnakumbuka zamani mtu mmoja akisafiri mtaa mzima unamsindikiza? Kwaya ya kanisa ilikodi lori. Wakajazana waving bay, pale juu watu walipokuwa wanapungia ndege mikono, wakaanza kuimba hata injini haijawashwa. Mama alivaa gauni la Krismasi, na kiondo chake kilikuwa na kuku wa kukaanga.

Ilikuwa ndege ya mwisho, jioni. Kampuni haikuturuhusu kutua Kisumu giza likishaingia.

Kapteni wangu, mzee mpole sana, akafika kwenye mashine ya ukaguzi. Akaambiwa vua viatu. Akaenda kukaa kwenye benchi. Nami nikakaa kando yake.

"Basi hampiti," mkuu wa ulinzi akasema.

Mtu wa union akapigiwa simu. Yuko mjini, yuko kwa jam ya magari.

Ndipo nikamwona mama kwenye foleni. Viatu ameshavua, kavishika mkononi, anatabasamu. Aliponiona pale tabasamu likaisha. Alidhani nimeshikwa.

"Umefanya nini, baba?"

Nikamweleza haraka haraka. Nje jua lilikuwa linashuka na roho iliniuma vibaya. Nikainama, nikaanza kufungua kamba za kiatu. Kapteni akatazama pembeni, wala hakunilaumu.

Mama akanishika bega.

"Funga hicho kiatu."

"Mama, hii ndege haitaenda."

"Nimesikia. Mimi kule kiwandani nasachiwa getini kila jioni. Mpaka kitambaa cha kichwa natoa, wanaume wakiangalia, ndio waone kama nimeficha biskuti. Sijawahi kukataa. Ningekataa, nani angekuja kunitetea? Nyinyi mko na watu wanakuja. Funga, nimesema."

Akavaa viatu vyake, akajibana katikati yetu kwenye benchi, akafungua kiondo.

"Kapteni, kuku unakula?"

Kapteni alikula paja zima.

Mtu wa union alifika giza limeshaingia. Safari ikafutwa. Abiria wengine walitutukana na siwalaumu, kila mtu alikuwa na shughuli yake. Lakini kwaya ilimpokea mama kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo, wakaimba mpaka Jericho.

Chumba cha pembeni tulipewa baadaye. Tiketi nyingine ya mama tukapanga iwe Disemba, lakini presha ikamchukua kabla. Nililia sana, na mpaka leo nikipita pale kwenye mashine naumia.

Nilichojifunza ni hiki: mzazi anaweza kubeba aibu miaka mingi bila kukuambia, akijua siku moja wewe hutalazimika kuibeba. Ulizeni wazazi wenu wangali hai.

Ile miezi aliyobaki nayo, mtu akimuuliza sokoni kama ameshapanda ndege, mama alikuwa anajibu, "Bado. Lakini kuna moja niliizuia."

Haya, niambieni, nyinyi mngevua? Na watu wa ile kwaya, kama mko humu, jitokezeni tusalimiane.