Milio Mitatu

Nasema mapema ili nisije nikajipamba: siku ile sikuhesabu. Kompyuta yenye hitilafu kubwa ukiiwasha hulia kabla kioo hakijaonyesha chochote. Pi, pi, pi. Idadi ya milio ndiyo inayosema kilichoharibika, na fundi anayejua kazi yake hunyamaza, hutega sikio, huhesabu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha miezi mitatu na karatasi yenye orodha ya milio, na Singida mjini kote mafundi wa kompyuta tulikuwa wawili. Kichwa kilinivimba, tena sana.

Aliyeniita alikuwa mzee wa Kinyiramba, opereta wa telegrafu wa reli tangu ujana wake, aliyepunguzwa kazini miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye kompyuta moja, tena ya mtumba. Akakodi chumba karibu na stendi, yeye na binti yake wakawa wanachapa barua, mitihani ya shule na kadi za harusi. Asubuhi hiyo mashine ilikuwa imegoma, na wateja walikuwa wamejaa mlangoni.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nikawasha, ikalia. Wakati inalia mimi nilikuwa naongea na binti, namsimulia kazi kubwa kubwa nilizofanya Dar, uongo mtupu. Nikasikia milio kadhaa tu hivi, nikatangaza kwamba ni mitano: prosesa imeungua, na bodi nayo imekwenda, hii haina dawa.

Mzee akasema kwa upole, "Mimi nimesikia mitatu, fundi."

Ningewasha tena tu, basi. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi, kijana wa miaka ishirini na minne, nikamjibu: "Mzee wangu, hii siyo telegrafu."

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akaangalia chini. Mtu aliyekula mkate wake kwa kusikiliza milio tangu sijazaliwa, mimi nikamfundisha kusikia. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko chake natamani ardhi ipasuke inimeze. Akanipa boksi la kompyuta lote nichukue vipuri, akisema afadhali limfae kijana kuliko kukaa likila vumbi.

Wiki ya tatu nilihitaji feni, nikalitoa lile boksi uvunguni. Sijui kwa nini niliwasha kwanza. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kumringia, nikahesabu: moja, mbili, tatu, kimya. Nikazima, nikawasha tena. Tatu. Kwenye karatasi yangu tatu ni memori. Nikachomoa kile kijiti cha memori, meno yake yalikuwa yameingia weusi kwa hili vumbi letu la kiangazi. Nikayasugua kwa ufutio wa penseli, nikakirudisha. Ikalia mara moja, kwa kifupi, ule mlio wa uzima, na kioo kikawaka. Ufutio wa mtoto wa shule, jamani, na kazi ya dakika tano.

Mtu mwenye haya angebeba lile boksi begani akakimbia nalo siku hiyo hiyo. Chumba cha mzee kilikuwa bado wazi. Nilipita kwa mbali nikamwona binti anachapa kwa taipureta ya kuazima, mlangoni hakuna mtu. Nikageuza, nikazungukia njia ya sokoni. Niliwaza kwamba nikirudisha mashine ikiwa nzima, mji wote utajua kuwa fundi hajui kuhesabu mpaka tatu. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho hiyo ikawa miezi miwili, na nilipojikaza kwenda nikakuta kufuli. Fundi cherehani wa chumba cha pili akaniambia wamefunga, wateja waliisha, wamerudi kwao Kinyangiri kulima.

Nikadandia lori la mnadani, boksi nimelipakata. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mzee, nilikosea, sikuhesabu, wewe ulisikia sawa. Maneno mepesi kabisa. Nikamkuta uani anapura alizeti kwa fimbo, amekonda. Alinipokea kwa mikono miwili. Nikafungua mdomo, nikamwambia nimepata kipuri.

Kipuri! Ndivyo nilivyosema, na sikujirekebisha.

Akalishika boksi, akaliangalia pande zote. Alisema huku kwao umeme haujafika, hata nguzo moja haijachimbiwa, na kile chumba cha mjini kimeshapata mpangaji mwingine. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mtu kusafiri na mzigo kama ule kwa ajili yake, hilo hatalisahau. Kisha akamwita mkewe amkamate jogoo.

Nilikataa, wakadhani naona haya ya ugeni. Majirani wakaitwa. Mzee akawasimulia kuwa huyu ndiye fundi aliyemtafutia kipuri bila hata kuombwa, na mimi nikawa natazama mikono yangu. Chakula kilipoletwa akachukua firigisi, ambayo pale nyumbani ni ya baba mwenye mji, hailiwi na mtu mwingine, akaiweka upande wangu wa sahani.

"Kula, fundi," akasema.

Nikaila.