Maafa kwa Rukia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipovunja kasha la CD kwa kisigino cha kiatu, sebuleni kwangu Lewisham, huku ughaibuni, mbele ya wanawake saba waliokuja kunywa chai. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilijiona nina haki zote za dunia. Usicheke, Zuhura. Sikukuita uje ucheke. Nimekuita kwa sababu nimekasirika, na nimekasirika tangu jana uliponiambia, umejilaza kwenye kochi langu na simu mkononi, kuhusu ujumbe wa rafiki yako, "I'm not listening to it, Shangazi. Nimem-block." Basi leo utakaa, hiyo simu utaiweka mezani, na utanisikiliza mpaka mwisho. Chai ipo, mahamri yapo, kisingizio hakuna.

Aliyeimba kwenye ile CD aliitwa Salmah. Humjui, kwa sababu jina lake halikutajwa nyumbani kwangu tangu kabla hujazaliwa, na aliyelipiga marufuku ni mimi. Alikuwa Mmalesia, muuguzi mwenzangu, na tulipanga pamoja flati ya vyumba viwili karibu na hospitali. Siku za kazi tulibeba wagonjwa mpaka migongo ikatuuma. Siku za mapumziko yeye alikaa kitandani na gitaa lake akitunga nyimbo, nami nikipika huku nikimwambia apunguze sauti, na moyoni nikitaka asipunguze.

Tulicheka sana na maneno yetu, maana lugha zetu zinaingiliana. Mimi nikisema dunia, yeye anasema dunia. Sabuni kwao ni sabun, karatasi ni kertas. Lakini pia yalituchezea. Siku ya kwanza aliniita "Kak Rukia", nikamkemea: "Mimi kaka yako tangu lini?" Kumbe kwao hilo ni neno la heshima la kumwita dada mkubwa. Nami nilipomwita dada, akajiziba mdomo kwa kicheko, kwa kuwa kwao dada ni kifua. Kwa hiyo nilijua, Zuhura. Likumbuke hilo. Nilijua mapema kabisa kwamba neno linaweza kuvaa sura ya Kiswahili na lisiwe la Kiswahili.

Hili kopo la biskuti hapa mezani, ambalo miaka yote ulidhani lina sindano na nyuzi, lina kila kitu alichowahi kurekodi. Hebu lifungue. Hiyo kaseti ndiyo ya mwanzo, nyimbo nne. Tuliirekodi Kenton, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu, mzee aliyeniamkia kwa Kiswahili na kunigombeza kwa Kiswahili nilipokohoa katikati ya wimbo. Makofi ya wimbo wa tatu ni yangu. Nimechelewa pigo moja, Salmah akakataa yarekodiwe upya, akasema hivyo ndivyo Rukia anavyopiga.

Hiyo ya bluu ndiyo CD yake ya kwanza, nyimbo tisa. Ile ndiyo iliyotuvunja. Wimbo wa sita una sauti aliyoitunga mamangu, bibi yako, akituimbia sisi mabinti zake kila alipotusuka nywele. Hakuwahi kuuimba kwa watu. Ulikuwa wetu sisi na magoti yake. Mimi nilikuwa nikiuimba chini kwa chini jikoni, na Salmah akiusikia. Mamangu alifariki mwaka ule ule, sikuweza hata kwenda kumzika. Miezi minne baadaye Salmah ananiletea CD, amefurahi, naiweka, na wimbo wa sita naisikia sauti ya mamangu imevalishwa maneno ya Kimalesia. Nikageuza kasha. Limeandikwa nyimbo zote ni za Salmah.

"Umemwibia maiti," nilimwambia.

"Nilidhani ni wimbo wa zamani, Kak. Wa watu wote, hauna mwenyewe."

"Mwenyewe ana kaburi Mombasa!"

Nilihama wiki ile ile. Na mpaka leo, mwanangu, sirudishi neno. Alikosea, nami nilikuwa na haki ya kuwaka. Sikuweki hapa nikufundishe kumeza kila kitu kwa tabasamu. Watu wanaowaambia wasichana wasikasirike kamwe wananichefua.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mwaka na nusu ukapita. Akapiga simu mara mbili, nikaikata. Akanifuata kwenye mkahawa wa hospitali, nikampa mgongo mbele ya watu na trei yangu mkononi. Kisha siku moja posta ikaniletea CD yake ya pili, hiyo isiyo na kasha. Nikaiweka peke yangu nikiwa nakunja nguo. Nyimbo tisa zikapita, sikusikia la kunihusu. Wa kumi ukaanza, gitaa tupu na sauti yake, na nikasikia, wallahi nilisikia kwa masikio yangu: "Maafa kwa Rukia. Maafa kwa Rukia." Mara nane nilihesabu. Nguo zikanianguka.

Nikatazama nyuma ya kasha. Jina la wimbo limeandikwa Maaf. Unajua nilisema nini? Nilisema, mjinga huyu, hata kulaani kwa Kiswahili hajui kuandika.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angechomoa kile kijitabu kilicho ndani ya kasha, akasoma. Angeinua simu. Mimi nikawaita wenzangu. Kina mama wa Pwani saba, wote Waswahili, wote wenye masikio kama yangu. Nikawawekea wimbo. "Haya, niambieni mnasikia nini." Na walisikia nini? Walisikia nilichosikia mimi! Bi Khadija akaanza kusoma dua. Mwingine akasema nitafute mtu wa kuniandikia kombe, ninywe maji ya aya laana initoke. Mmoja tu, Mwanajuma, aliyekuwa mdogo kuliko sote, akauliza kwa upole, "Lakini shoga, huyu si Mmalesia? Kwa nini akulaani kwa Kiswahili?"

Nikamkaripia mpaka akalia. Nikamwambia kama anampenda sana huyo mwizi akakae naye. Kisha nikalitia kasha chini ya kisigino, na wenzangu wakanipigia vigelegele. Santuri na kijitabu nikavitupa ndani ya kopo hili, nikalizungushia utepe. Nilijiambia naviweka ushahidi. Mwaka uliofuata nikasikia Salmah amerudi kwao, nikasema alhamdulillahi, maafa yake ayabebe mwenyewe.

Miaka kumi na saba, Zuhura. Wewe ulizaliwa, ukaanza shule, ukajifunza kunijibu kwa Kiingereza. Siku moja wodini, mchana, nesi mpya akanigonga na kigari cha dawa kisigino hiki hiki. Binti mdogo, ndiyo kwanza amefika kutoka Malesia. Akainama kunishika mguu, uso umemwiva, akisema, "Maaf, Kak! Maaf, Kak!"

Nikamwambia, "Umesema nini? Rudia."

"Nimesema sorry, Sister. Maaf. It means sorry. Kak ni kama dada mkubwa."

Nikamwambia aniimbie: Maaf, Kak Rukia. Akadhani nimegonga kichwa. Lakini akasema, pole pole, na pale kwenye korido nikaisikia yote ikijipanga upya. Maaf, Kak Rukia. Si maafa kwa Rukia. Samahani, dada Rukia. Kak! Jina aliloniita miaka yote tuliyokaa pamoja, jina lililotuchekesha siku ya kwanza, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikulitambua lilipoitwa.

Nilirudi nyumbani nikakata utepe wa kopo. Kijitabu kipo, kina alama ya kisigino changu. Ukurasa wa mwisho una maneno ya wimbo kwa Kimalesia na chini yake kwa Kiingereza, kwa ajili yangu, maana nani mwingine alihitaji? Anasema: samahani, dada, niliingia nyumba ya mama yako bila kupiga hodi, nikatoka na kitu nilichokipenda. Na chini kabisa ameandika kwamba wimbo wa sita wa CD ya kwanza ni wa mamangu. Jina lake kamili, Zuhura. Mwana Fatuma binti Shee, wa Mombasa. Limechapishwa. Kwa miaka kumi na saba jina la mamangu lilikuwa kabatini kwangu na mimi nimelikanyaga.

Nilikasirika usiseme! Kwa nani? Kwa wale wanawake saba, kwa Bi Khadija na dua yake, kwa kila aliyenipigia kigelegele. Kisha kwangu mimi, na hiyo haijaisha mpaka leo.

Yule nesi mdogo akanitafutia namba kwa jamaa zake. Salmah alipokea simu mwenyewe. Sauti ileile, imezama kidogo. Nikamweleza yote, nikilia, nikategemea naye atalia na yataisha. Hakulia.

"Kwa hiyo hukufungua kijitabu," alisema.

"Sikufungua."

"Nilirekodi CD mbili nyingine huku, Kak. Kila moja niliandika jina la mama yako, kila moja nilikutumia. Uliziona?"

Niliziona. Nilizirudisha posta bila kuzifungua. Hizo mbili ndani ya kopo nilikuja kuzinunua baadaye.

"Baada ya ile ya pili kurudi niliacha kuimba," alisema. "Nilikuomba samahani kwa lugha ya mama yangu na hukuniuliza hata neno moja. Sasa zamu ya kukasirika ni yangu, na leo sitaimaliza." Akakata.

Basi. Hizo ndizo kazi zake zote: kaseti moja na CD nne. Hakuna ya tano, na aliyesababisha umekaa naye meza moja.

Sasa nakugeukia wewe. Huyo Imani uliyem-block mmeimba naye tangu mko shule Thamesmead. Ametoa wimbo mlioutunga wawili bila jina lako. Vibaya sana, na kama angekuwa hapa ningemtwanga maneno yeye kwanza. Lakini umesikiliza nusu dakika ya wimbo, ukawatumia rafiki zako wenye masikio kama yako, wakakwambia unachotaka. Na kabla hujam-block alikutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao hujaufungua. Jumapili anahamia Glasgow. Dakika nne! Umetumia zaidi ya hizo kupaka kucha leo asubuhi.

Sikwambii usikasirike. Nakwambia usikie mpaka mwisho kwanza, halafu ukasirike ukijua unachokasirikia. Neno usilolielewa, muulize aliyelisema, usiwaulize wanaokupenda, kwa sababu watasikia kwa masikio yako. Akitokea mmoja kati yao wa kukuuliza swali la kukuudhi, kama Mwanajuma, usimlize. Mpe chai. Na ukikuta umekosea, sema siku ile ile, maana msamaha wa baada ya miaka kumi na saba hauna mpokeaji wa uhakika. Mimi nimejaribu.

Kila Idi namwandikia Salmah: Maaf, Kak. Ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, lakini namwita hivyo hivyo. Naye hujibu neno moja, kila mwaka lile lile: Belum. Mara ya kwanza nililiangalia hilo neno, na damu ikaanza kunichemka, nikadhani ni tusi. Nikaweka simu chini, nikaenda kumuuliza yule nesi. Akaniambia maana yake ni bado. Kwa hiyo kila Idi naandika tena.

Mwenyezi Mungu akupe hasira yenye macho, mwanangu. Akupe sauti ya bibi yako na uiimbe mpaka uzeeke, na jina lako liandikwe kila panapostahili. Akulinde na vigelegele vya watu. Na asikupe kopo kama hili langu, wewe wala mtoto wako.

Haya, futa mafuta ya mahamri mkononi. Chukua simu. Bonyeza, na usikate mpaka amalize.